Vijana Wetu na Kazi ya Maji Safi katika Kivu



Ndani ya kitabu hiki wenzangu wamepewa kuandika habari za wamisionari wa kwanza, za ujenzi wa kanisa, na za hesabu ya ubatizo na ndoa. Mimi nimepewa maji. Siku neno hili liliposomwa mbele ya kamati, mmoja wa wazee aliuliza kama maji nayo yana historia. Yana historia, mzee wangu, tena ndefu. Kwa maji mtoto anabatizwa, na kwa maji machafu mtoto huyo huyo anaweza kuzikwa kabla hajaanza masomo.

Wala si historia ya mabomba na sementi tu. Ni historia ya watu, na zaidi ya vijana, kwa maana katika inchi yetu ya Kivu, kila mara kazi ya maji ilipotakiwa kufanywa, waliitwa vijana. Walichimba, walibeba mawe, walifagia visima, walitia dawa katika bidoni za watu. Lakini mara nyingi iliitwa mikono yao, na vichwa vyao viliachwa nyumbani. Nitaeleza jinsi mambo yalivyokwenda, na msomaji ataona kwamba kati ya maji yaliyodumu na maji yaliyokauka, tofauti mara nyingi ilikuwa hii: je, vijana waliachiwa uangalizi wa kazi, au waliachiwa jembe peke yake?

CHEMCHEMI NA AMRI ZA SERIKALI

Wazee wa vilima vyetu hawakujua neno mikrobu, lakini walijua kwamba chemchemi haichezewi. Wanatuambia kwamba ng'ombe walinyweshwa chini ya mahali pa kuteka, kamwe si juu yake, na kwamba njia ya majini ilifyekwa na vijana wa kijiji pasipo kungoja barua ya mkubwa. Wasichana waliteka, wavulana walifyeka. Ndivyo kazi ilivyogawanywa, na tutaona mbele kwamba mgawanyo huo umedumu kuliko ulivyostahili.

Serikali ya Wabelgiji ilileta usafi kwa njia ya amri. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na choo, na aliyekosa alilipa faini au alifungwa. Wazee wanakumbuka vyoo vilivyochimbwa kwa ajili ya mkaguzi: vilikuwa safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyeviingia. Siwacheki wazee wetu. Mtu akilazimishwa kufanya jambo asilolielewa, hulifanya kwa ajili ya macho ya yule anayemlazimisha, na macho hayo yakigeuka, jambo limekwisha.

Katika miji, maji ya bomba yaliwekwa mikononi mwa kampuni ya serikali ambayo tangu mwaka 1939 tunaijua kwa jina la Regideso. Vijiji vilingoja zaidi. Mwaka 1947 serikali ya koloni iliunda mfuko ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène, na mfuko huo uligharimia zahanati, visima na matengenezo ya chemchemi katika sehemu nyingi za Kongo. Huo ndio wakati ambapo chemchemi nyingi za vijijini zilianza kuwa na ukuta wa mawe na kipande cha bomba kinachotoa maji.

Niruhusiwe kusimama kidogo juu ya tengenezo hilo, kwa maana vijana wengi huona bomba linatoka ukutani na kudhani kwamba kazi yote ni ukuta. Kumbe ukuta ni mwisho wa kazi. Kwanza wachimbaji hufuata maji kwenda nyuma, ndani ya mlima, mpaka waone jicho lenyewe yanapotokea kwenye mwamba au kwenye changarawe. Hapo hawafungi kitu, kwa kuwa chemchemi iliyozibwa hutafuta njia nyingine na kukimbia. Hupanga mawe safi yaliyooshwa, kisha changarawe, ili maji yapite kwa uhuru mpaka kwenye bomba. Juu yake huweka udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, usiopitisha maji ya mvua. Mbele hujengwa ukuta, na bomba huwekwa chini ya kimo cha jicho, ili maji yatoke bila kusukumwa. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni, na ua hupandwa ili mbuzi na mashamba visikaribie. Upande wa chini hujengwa mahali pa kusimama na njia ya maji yanayomwagika, yasije yakawa tope. Choo lazima kikae mbali, mita 30 au zaidi, na kamwe si juu ya chemchemi.

Sasa tazameni. Kazi ya kujenga ni ya majuma machache. Lakini mfereji wa juu hujaa majani kila msimu wa mvua, ua huvunjwa na mbuzi, udongo hupasuka wakati wa jua. Asiyesafisha mfereji kwa miaka miwili atakunywa maji ya mvua yaliyopita shambani, na ukuta mzuri wenye tarehe iliyoandikwa katika sementi utakuwa unamdanganya. Katika seminari ndogo tulisoma kwamba Waroma walijenga mfereji wao wa kwanza wa maji mwaka 312 kabla ya Kristu. Jambo lililonishangaza zaidi, hata hivyo, ni kwamba mwaka 97 baada ya Kristu, zaidi ya miaka mia nne baadaye, mtu mkubwa wa serikali, Frontinus, aliyekuwa amekwisha kuwa konsuli na gavana, alipewa kazi ya kuangalia tu maji ya Roma, akahesabu mabomba na kuwafuata wezi wa maji, na kuandika kitabu juu yake. Sisi tunampa heshima anayekata utepe. Waroma walimpa heshima pia anayefungua na kufunga.

TOKA XAVERI MPAKA SALONGO

Mwaka 1952, katika mji wa Bukavu, ambao wakati ule uliitwa bado Costermansville, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha chama cha vijana kilichopewa jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Ndicho Xaveri tunachokijua, ambacho baadaye kilienea katika inchi nyingine za Afrika. Pamoja na Skauti na Kiro, chama hiki kilileta jambo ambalo amri ya serikali haikuweza kulileta: kijana wa miaka kumi na mitano aliongoza kikundi cha wenzake, akatoa hesabu ya kazi, akaulizwa na wenzake kama hakuitimiza. Kusafisha kisima cha mjane au njia ya majini kulikuwa ni tendo jema kati ya mengine. Ukubwa wake ulikuwa katika namna ya kufanya, yaani kijana aliona kazi, akaipanga, akaimaliza, na juma lililofuata akarudi kuitazama.

Jambo hilo lilipata pigo. Baada ya mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipotaka kila kijana awe chini ya chama kimoja cha siasa, mashindano na Kanisa yaliongezeka. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Kardinali Malula alilazimika kuondoka inchini kwa miezi kadhaa, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule vyama vya vijana vya dini vilipigwa marufuku. Ilibaki JMPR, yaani vijana wa chama cha serikali. Mwisho wa mwaka 1974 masomo ya Kanisa nayo yalichukuliwa na serikali, mpaka yaliporudishwa chini ya uangalizi wa makanisa kwa mapatano ya Februari 1977.

Katika miaka hiyo ndipo lilipokuja neno Salongo. Kila mwananchi alitakiwa kutoka mara kwa mara kufanya kazi za wote: kufagia barabara, kufyeka majani, kufukua mifereji. Kwa lenyewe wazo hilo halikuwa baya. Mababu zetu walifanya hivyo pasipo kuwa na neno lake, na mpaka leo kuna mitaa inayofanya salongo kwa moyo. Lakini ilipokuwa kwa lazima, na wakubwa hawaonekani, ikageuka kuwa kama choo cha mkaguzi: watu waliinua majembe gari lilipopita, wakayashusha lilipotokomea. Majani yaliyofyekwa yaliachwa ndani ya mfereji uliopaswa kusafishwa. Vijana wa kizazi kile walijifunza kwamba kazi ya wote ni adhabu, na fundisho hilo lilikaa ndani ya watu muda mrefu kuliko serikali iliyolitoa.

Dunia yenyewe wakati huo ilikuwa ikifanya mapatano makubwa. Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya maji ulifanyika Mar del Plata, inchini Argentina, mwaka 1977. Ule wa Alma-Ata juu ya afya ya msingi ulifuata mwaka 1978, ukataja maji safi na usafi wa mahali kuwa sehemu ya afya yenyewe. Kisha miaka ya 1981 mpaka 1990 ikatangazwa kuwa muongo wa maji safi kwa wote. Muongo ulikwisha. Mwaka 2011, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu kwamba Wakongomani milioni 51, yaani robo tatu ya watu wote wa wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa, katika inchi yenye zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika nzima.

KOLERA

Hatuwezi kusema juu ya maji kando ya maziwa yetu bila kutaja kolera, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kipindupindu. Iliingia Kongo upande wa magharibi katika mwaka 1973, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 ilifika mashariki kwa njia ya ziwa Tanganyika. Haikuondoka tena. Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma imekuwa kama mgeni anayejua njia zote za nyumba.

Namna inavyoua ni rahisi kueleza. Mdudu wake hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia majini, na kutoka majini huingia kinywani mwa mwingine. Mgonjwa hutokwa na maji mengi hata anaweza kufa kwa saa chache tu. Tena wengi waliomezwa na mdudu huyo hawaonyeshi ugonjwa wowote, nao huupeleka mbali bila kujua. Dawa ya kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alizopoteza. Kama pakiti za zahanati hazipo, hupimwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visivyojazwa kupita kiasi. Anakunywa kidogo kidogo huku akipelekwa kwa waganga bila kukawia. Kila kijana wa katekesi anapaswa kujua kipimo hicho kama anavyojua Baba Yetu.

Mwezi wa Julai 1994, kati ya tarehe 14 na 18, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, watu kati ya 500,000 na 800,000 kadiri ya makadirio. Goma haina mto. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, ambamo jembe linagonga na kurudi: huwezi kuchimba choo wala kaburi. Maji yalikuwa yale ya ziwa Kivu, na watu wote walishuka huko, kunywa, kuoga na mengine. Tarehe 20 kolera ilitambuliwa, na nyuma yake ukafuata ugonjwa wa kuhara damu. Waganga waliochunguza baadaye waliandika kwamba wagonjwa wa kolera walikuwa kati ya 58,000 na 80,000, na kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000 kwa magonjwa yote. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka miili iliyofungwa katika mikeka kando ya barabara. Kati ya waliowaokota walikuwa vijana wa Skauti, wenye vitambaa puani, ambao umri wao ulikuwa wa kukaa darasani. Katika hotuba za misaada ya mwaka ule husikii sana habari zao.

Kutokana na kushindwa kule, mashirika ya misaada yalianza mwaka 1997 kazi ya kuandika vipimo vya lazima, vinavyojulikana kwa jina la Sphere. Kati yake ni hiki: mtu mmoja anahitaji walau lita 15 za maji kwa siku. Kipimo hicho kinachosomwa leo duniani kote kina mizizi yake pia katika mawe ya Goma.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji, watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, mabomba yakakatika. Wengi walingoja kuona mwaka 1994 ukirudi. Haukurudi. Safari hii klori ilifika mapema kwenye mahali pa kuteka, na walikuwapo watu wa kuitia.

Kazi ya kutia klori kando ya ziwa ni ya vijana, wake kwa waume, na inaonekana ndogo. Kijana amesimama na ndoo ya dawa iliyochanganywa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni ya lita 20 inapofika, anatia kipimo chake, anamwambia mwenyewe aitikise na angoje nusu saa. Kipimo chenyewe hakikai kimoja: maji yakiwa na tope huhitaji dawa zaidi, na kila asubuhi anayejua kazi hujaribu kwanza ili ahakikishe kwamba baada ya nusu saa klori kidogo imebaki. Dawa ikizidi, watu hukataa maji kwa sababu ya harufu. Ikipungua, mdudu huishi. Kwa siku nzima, juani, kijana huyo anasikia maneno ya kila namna: kwamba anawapa watu sumu, kwamba analipwa na wazungu, kwamba dawa inaharibu uzazi. Anajibu kwa upole, na bidoni nyingine imekwisha kufika. Kwa mawazo yangu huyo ni mwalimu sawa na sisi makatekista, ila darasa lake halikai chini.

Lakini angalieni ugumu. Vijana hao kwa kawaida hulipwa na mradi. Mradi ukiisha, meza inaondolewa, nao wanarudi nyumbani, wakati ziwa na bidoni vinabaki pale pale.

Kutoka Uvira tumepata ushuhuda mwingine. Watafiti walifuata hesabu za wagonjwa na hesabu za maji ya bomba tangu mwaka 2009 mpaka 2014, siku kwa siku. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya wale waliofuata siku ambayo maji yalitoka vizuri. Basi kufundisha watu kunawa mikono ni lazima, lakini robine ikikauka, mafundisho yote yanashuka ziwani pamoja na bidoni.

MASOMO, VIJIJI NA DADA ZETU

Kati ya mwaka 2006 na 2008 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianzisha mpango wa vijiji na masomo yenye usafi, ambao Wakongomani wengi wanaujua kwa jina lake la Kifaransa, Village et École Assainis. Naupenda mpango huo kwa jambo moja: haukuanza na sementi. Kijiji chenyewe kiliamua kwanza, kikachagua kamati, kikajipima. Ili kihesabiwe kuwa safi, watu 80 kwa mia walipaswa kupata maji safi, 80 kwa mia kuwa na choo chema, 80 kwa mia kuweka takataka mahali pake, 60 kwa mia kunawa kwa sabuni au majivu kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, 70 kwa mia kujua njia ambazo uchafu hupita mpaka kinywani, na kijiji kizima kufagiwa walau mara moja kwa mwezi. Neno majivu linanipendeza. Aliyeliandika alijua kwamba si kila nyumba ina franga za sabuni.

Katika masomo wanafunzi walipangwa katika vikundi vya usafi, wenye kuangalia choo, maji ya kunawa na takataka. Mahali mwalimu alipowaachia ufunguo na daftari, mtoto alirudi nyumbani na kumwuliza baba yake maji ya kunawa yako wapi, na baba, kwa haya kidogo, aliyaweka. Mahali kikundi kilipogeuka kuwa adhabu ya waliochelewa, mambo yalikuwa yale ya Salongo.

Nilisema kwamba ule mgawanyo wa zamani umedumu. WHO na UNICEF walieleza mwaka 2023 kwamba duniani, katika nyumba zisizo na maji, saba kati ya kumi huachia kazi ya kuteka kwa wanawake na wasichana. Bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Binti huibeba kabla ya masomo na baada ya masomo, na njiani, katika miaka hii ya vita, ameogopa mambo ambayo sitayaandika katika kitabu cha sherehe, lakini kila mama anayajua. Tena msichana aliyekwisha kukua, akikosa choo chenye mlango na maji, huacha masomo siku kadhaa kila mwezi. Pamoja na hayo, kamati ya maji inapochaguliwa, mwenyekiti ni mwanaume, mwandishi ni mwanaume, na wasichana wanaombwa kupika. Anayejua saa ambayo chemchemi hupungua, na ni nani anayeingiza miguu ndani ya kisima, ni yule anayekwenda pale mara tatu kwa siku. Yeye ndiye angepaswa kushika daftari.

RUHUSA YA KUSEMA

Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 48, inamhakikishia Mkongomani haki ya kupata maji ya kunywa. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa uliyatambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu. Tarehe 31 Desemba 2015 inchi yetu ilipata sheria ya maji, inayozipa mikoa na wilaya sehemu ya wajibu, na katika mwaka ule ule Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua Laudato si', aliandika kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu. Maandiko tunayo tele.

Waliochukua maandiko hayo na kwenda nayo mpaka kwenye milango ya ofisi walikuwa vijana. Mwaka 2012 katika Goma lilizaliwa kundi la vijana waitwao Lucha, wasiotumia silaha, na moja ya kampeni zao za kwanza zilizojulikana ilikuwa ya kudai maji kwa mji wa Goma. Waliuliza jambo ambalo mama yeyote mwenye bidoni angeuliza: ziwa liko hapa, franga za miradi zimetajwa, maji yako wapi? Baadhi yao walikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya maandamano yao. Kuna Wakristu waliosema kwamba vijana hao hawana adabu, na mimi nimesikia maneno hayo hata nje ya kanisa baada ya misa. Siyakubali. Vijana wale wale tuliwasifu walipobeba mawe, na hatuwezi kuwalaumu kwa kuuliza mawe yalikwenda wapi.

Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tuliona pande mbili za vijana. Wengine, katika Beni na Butembo, waliwatupia mawe waliokuja na klori, kwa sababu walikuwa wameona watu wakichinjwa miaka mingi bila mtu kuja, na sasa magari yalikuja kwa wingi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wengine walisimama kwenye ndoo za kunawia sokoni na mlangoni mwa makanisa, wakaeleza kwa lugha ya mama. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200. Waganga wenyewe wamesema kwamba pale ambapo kijana wa mtaa aliaminiwa kuongea, mlango ulifunguliwa.

Kisha tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, moto ukaharibu tangi na mabomba, na karibu nusu milioni ya watu wakabaki bila maji. Chukudu zilizozoea kubeba viazi na makaa zikabeba bidoni. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na kwa siku kadhaa mji mzima ulishuka ziwani chini ya milio ya silaha. Mwaka huo inchi nzima ilihesabu zaidi ya watu 60,000 waliodhaniwa kuwa na kolera.

Vijana wa klori walirudi kando ya maji mara tu njia zilipopitika. Ndoo, bomba la sindano, kipimo cha asubuhi. Watu walipanga foleni na bidoni zao za manjano, wengine wakiuliza tena kama si sumu. Kijana alitia dawa, akaeleza, akaomba itikiswe vizuri, na mwenye maji akaenda nayo nyumbani kungoja nusu saa yake kabla ya kunywa.